Kitufe cha Usafi

Kajaani, mwezi wa pili, saa moja asubuhi na bado ni usiku.
Nimeketi kiti cha nyuma cha gari dogo la manispaa,
daftari magotini, wino umeganda kalamuni.
Raakel anaendesha. Amekubali nimfuate siku tisa,
nitazame anavyoishi na simu aliyopewa na ofisi,
mimi ninayelipwa kuangalia vidole vya watu.

Simu ndiyo huanza kusema.
Nyumba ya kwanza: dakika kumi na nne.
Dawa. Soksi za kubana. Uji. Sahihi.
Anavua glavu kwa meno, anabonyeza NIMEFIKA;
kidole kimekufa ganzi, kioo hakimtambui.
Anakipulizia kama apulizaye kuni mbichi,
anabonyeza tena, na tena, ndipo anakubaliwa.
Naandika: majaribio matatu, sekunde ishirini na mbili.

Nyumba ya nne ni ya Hilja Komulainen.
Soksi, dawa, halafu Raakel anavuta kiti,
anaketi.
Hilja anatazama dirisha. Raakel anatazama dirisha.
Nje kuna kibanda cha baiskeli, kimebeba theluji.
"Jana palikuwa na ndege," anasema Hilja.
"Wa rangi gani?"
"Wa kawaida."
Kimya kinarudi, kinajikunja katikati yao kama paka wa nyumba.

Dakika zimekwisha. Simu inatetemeka mezani,
inajisogeza yenyewe kuelekea bakuli la sukari.
Raakel anaidaka, anapekua orodha:
kuogesha, kulisha, kubadili shuka, kupima presha,
kazi thelathini na moja, nimezihesabu,
na hakuna hata moja iitwayo kukaa.
Anabonyeza USAFI.
Anaongezewa dakika kumi na mbili.

Takwimu hizo nilishaziona ofisini, kabla sijamjua mwenye nyumba:
usafi mara ishirini na sita kwa mwezi,
nyumba safi kuliko zote wilayani.
Kuna aliyechora grafu. Kuna aliyeshauri wengine waige.
Nami nimeinama kufunga kamba za viatu,
naona vumbi chini ya kochi, zito, limelala fofofo,
na mashine ya kufyonza vumbi imesimama kona,
waya wake umefungwa kwa utepe wa Krismasi,
Krismasi ya mwaka gani, sijui.

Garini nilishindwa kunyamaza.
Nikasema, tuombe kitufe kipya.
Tukiite KUKAA, au KUWA NAYE, jina mtachagua nyinyi;
ndiyo kazi yangu, kuziba ufa kati ya mtu na mashine.
Raakel akakwangua barafu kwenye kioo,
upande wake kwanza, halafu wangu.
"Ukikipa jina," akasema, "watakipa dakika.
Wakikipa dakika, watauliza mbona nne hazikutosha.
Halafu atakuja mwenzako mwingine na daftari
kupima kama Hilja ameketiwa ipasavyo."

Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo isemwavyo.
Sijasikia aliyeuliza mgeni anaondoka na nini.
"Sasa niandike nini?"
Akafikiri mpaka taa ya barabarani ikawa kijani.
"Andika kwamba kitufe cha usafi ni kidogo mno,
na sisi vidole vyetu vina baridi."

Nikaandika. Kurasa sitini na nne na majedwali yake,
na katika sura ya tano, maneno ya Raakel
yamevalishwa suti na tai:
"Inapendekezwa kupanua eneo la mguso."
Ukurasa wenye ndege wa kawaida
sikuuambatisha.

Mwezi wa tano, barafu ya ziwani ilipopasuka,
programu ikaja na toleo jipya.
Kitufe sasa ni kikubwa kama kiganja cha mtoto,
hata mwenye glavu hakikosi.
Nasikia nyumba ya Hilja siku hizi
inang'aa.